Sura Yako, Negativu Yao

Zamani kwetu Nyangamara kupiga picha ilikuwa safari. Unavaa nguo ya Idi, unapanda gari hadi Lindi mjini, unakaa mbele ya pazia lililochorwa. Unarudi na karatasi. Negativu inabaki studio.

Siku moja dada yangu akakuta sura yake imebandikwa dirishani mwa studio, kila mpita njia anaitazama.

"Mbona mmenianika?"

Mwenye studio akacheka: "Si umependeza?"

Mchezo huo ni wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar, kama ile ya A.C. Gomes, ziliuza postikadi zenye sura za watu wa pwani. Kadi nyingi zilitaja kabila tu; jina la mtu hakuna.

Haki ya faragha iliingia katika Katiba yetu mwaka 1984, ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikaanza kazi Mei 1, 2023: anayechukua taarifa zako akwambie ni za nini.

Sheria tumeipata. Dada keshazeeka, na negativu yake hajarudishiwa.