Kiapo cha Mukushekushe: Wanawake katika Vita vya Wagiriama, 1913–1914

Katika maelezo mengi ya upinzani wa Wagiriama wa pwani ya Kenya dhidi ya utawala wa Waingereza, Mekatilili wa Menza hukumbukwa kwa kisa cha kumzaba kofi hadharani ofisa wa serikali, Arthur Champion. Kisa hicho, ambacho wasimulizi hukieleza kwa namna mbalimbali, kimeifunika kazi yake iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuwaunganisha kwa viapo watu walioishi wametawanyika.

Wagiriama walikuwa wakulima waliouza nafaka, hasa ya bonde la mto Sabaki, na kwa kuwa kilimo hicho kilisimama kwa jasho la wanawake, jamii iliweza kuishi bila kutegemea ujira wa mashamba ya Wazungu. Serikali ilipodai kodi ya nyumba pamoja na vijana wa kufanya vibarua, iliwadai wanawake hao mazao yao na wana wao kwa pamoja. Mekatilili, aliyekuwa mjane, alizunguka vijijini akihutubia, na watu walivutwa na kifudu, ngoma ya matanga. Hatimaye, mwaka 1913, walikusanyika Kaya Fungo, yaani makao matakatifu ya mababu yaliyozungukwa na msitu, ambako wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, wote wakijifunga kutoshirikiana na serikali wala na wazee iliowateua; aliyekivunja, kwa imani yao, alijitakia kifo. Ni kosa kubwa kuyaita hayo ghadhabu ya mwanamke mmoja, kwa maana wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe, chenye uzito wake katika sheria ya kaya.

Mwezi Oktoba mwaka huo Mekatilili alikamatwa pamoja na mshirika wake, mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na askari wa KAR, jeshi la kikoloni, wakateketeza nyumba nyingi. Mekatilili alikamatwa tena, akahamishwa. Aliporejea mwaka 1919 alihamia Kaya Fungo, akaongoza baraza la wanawake huku Wanje akiongoza la wanaume.