Shabaha na Masafa: Maneno ya Bunduki na Historia ya Uwindaji katika Bonde la Kilombero

I. Kusudi la makala

Wachunguzi wa historia ya Kiswahili wamezoea kuyatafuta maneno ya kale katika tenzi, katika barua za masultani na katika vyombo vya baharini. Ni wachache waliokwenda kuyatafuta katika mkoba wa mwindaji. Walakini mkoba huo una mengi ya kufundisha, kwa kuwa kila silaha mpya iliyofika barani ilikuja na jina lake, na jina hilo likabaki hata baada ya silaha yenyewe kuliwa na kutu.

Makala haya yafuatia maneno ya bunduki na ya kulenga, tangu bunduki ya mrao mpaka darubini ya siku hizi ambayo hufungwa juu ya mtutu na kupima masafa kwa mwali wa leza. Tumechagua kuyatazama mahali pamoja, yaani Ifakara na bonde la Kilombero, ambako silaha za zama mbalimbali zimekutana katika majani yale yale. Hoja yetu ni moja. Umbali baina ya mwindaji na mnyama haukuwa jambo la ufundi peke yake. Ulikuwa pia jambo la sheria. Nani aruhusiwe kupiga kutoka mbali, na nani alazimike kusogea karibu, ni swali lililoamuliwa mezani kabla ya kuamuliwa porini.

II. Bonde

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto wake, ambao wazee na wazungu wa zamani waliuita pia Ulanga, hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapoanza. Masika yakifika, maji hufunika sehemu kubwa ya mbuga. Kiangazi yakauka, majani huchomwa, na machipukizi mapya huwavuta wanyama. Maarufu kupita wote ni sheshe, paa wa mbuga za majimaji, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na makao makubwa kuliko haya katika Afrika nzima. Mwaka 2002 mbuga hizo ziliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu.

Wenyeji wa bonde, Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, waliishi kwa kilimo, uvuvi na uwindaji. Usasi wa Wandamba ulijulikana hata nje ya nchi: mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha London maelezo ya desturi zao za kuwinda, na mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu chao juu ya Wabena wa mitoni, ambamo Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe aliandika sura. Haya yatosha kuonyesha kwamba uwindaji hapa ulikuwa kazi yenye mafundi, miiko na elimu yake, wala haukuwa mchezo wa kubahatisha.

III. Ukoo wa maneno

Tuyapange maneno kwa zamu yalivyofika. Bunduki ni neno lililopita nchi nyingi. Kwa Kiarabu, bunduq ilikuwa kwanza kokwa ya mti; kisha ikawa kidonge cha kurusha kilichofanana na kokwa hiyo; mwisho ikawa silaha yenyewe. Risasi ni madini ya risasi kabla ya kuwa kitu cha kuua. Baruti nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari.

Kwanza palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Kisha ya fataki. Zote hizi zilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na katika bara zimekusanywa chini ya jina moja, gobore. Mwenye gobore alipiga mara moja tu, kisha akabaki na chuma mkononi mpaka amalize kushindilia tena. Tena mtutu wake haukuwa na mifuo ndani ya kuizungusha risasi, kwa hiyo risasi ilipotea upesi. Ilimbidi asogee, akiujua upepo, akilitambaa tope, mpaka mnyama awe karibu mno asiweze kukosekana.

Maneno ya kulenga yatufundisha zaidi. Kulenga ni neno la Kibantu. Shabaha ni la mkopo, na lina sura mbili: shabaha ni kile kinacholengwa, na shabaha pia ni ustadi wa mlengaji. Twasema "amepiga shabaha", na twasema "ana shabaha". Lugha imeviunganisha vitu viwili ambavyo lugha nyingine zimevitenga, yaani alama iliyo mbali na uwezo uliomo ndani ya mtu.

Vipimo navyo vilitoka mwilini. Shibiri ni upana wa kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni mkono tangu kiwiko, pima ni mikono miwili iliyonyoshwa. Masafa yenyewe ni neno la Kiarabu, na wanakamusi wa kale wa Kiarabu walilieleza kuwa linatokana na kitenzi cha kunusa, kwa kuwa kiongozi wa jangwani alinusa udongo apate kujua kama yumo njiani. Iwapo maelezo hayo ni sawa au ni ya kupendeza tu, yaonyesha namna watu walivyoufahamu umbali: ni kitu kinachojulikana kwa pua, kwa miguu na kwa jicho lililozoea.

Neno la mwisho katika ukoo huu ni darubini, lililotoka katika Kiajemi, dur, mbali, na bin, kuona. Darubini ni chenye kuona mbali. Neno hilo lilikuwepo katika vyombo vya baharini muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulifunga juu ya bunduki katika Ulanga.

IV. Sheria inayogawa umbali

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha. Baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, na hasa zile zenye mifuo. Ruhusa iliachwa kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida, kwa masharti. Waliosamehewa ni majeshi ya serikali, watu waliotoa dhamana ya kutosha, na wasafiri wenye hati kutoka serikali zao.

Kusudi lilikuwa jema, maana bunduki zilikuwa zikiwasaidia watekaji wa watumwa. Lakini matokeo yake yastahili kuangaliwa. Wakati ule ule Ulaya ilipopata baruti isiyo na moshi na risasi za kasi, mwenyeji wa bara aliachiwa gumegume. Gobore la Kilombero halikudumu kwa sababu wenyeji walikosa akili ya kutaka kilicho bora. Lilidumu kwa sababu kilicho bora kilifungiwa mlango kwa maandishi.

Baada ya silaha ikafuata sheria ya mawindo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kuwinda kukawa kwa leseni. Tarehe 19 Mei 1900 mkataba mwingine ulitiwa sahihi London juu ya kuwahifadhi wanyama wa Afrika, nao ulitaka nyavu na mashimo yazuiwe. Basi mbinu za karibu, yaani shimo, wavu na mtego, zikaanza kuitwa ukatili, na risasi ya kutoka mbali ikaanza kuitwa uungwana.

Tofauti hiyo ya masafa ilionekana kwa uchungu zaidi katika vita. Wakati wa Maji Maji wapiganaji waliichukua Ifakara, na tarehe 30 Agosti 1905 waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuwa na mikuki na magobore, na walikuwa na maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Ndani ya boma mlikuwa na bunduki ya mtambo, ile ambayo Kiswahili cha wakati ule kiliiita bombomu kwa kuiga mlio wake. Wengi waliangushwa kabla ya kufika mahali ambapo mkuki au gobore lingefaa. Ahadi ya maji, ukiichungua, ilikuwa ahadi ya kuuvuka umbali huo salama.

V. Mwindaji na jangili

Chini ya Waingereza utaratibu ulikazwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyama ilitungwa mwaka 1951, na mwaka 1952 bonde likawa Pori Tengefu. Baada ya uhuru, uwindaji ulisimamishwa nchini kote mwaka 1973, ukafunguliwa tena kwa watalii mwaka 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Sheria mpya zilifuata mwaka 1974 na 2009, na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Hatusemi kwamba hifadhi hizi hazikuhitajika. Mashamba, mifugo na nyama ya kuuza zimempunguzia sheshe malisho na idadi, na gobore limetoa mchango wake katika hasara hiyo.

Lakini mwanaisimu hana budi kuangalia majina. Katika kipindi hiki mwenye leseni amebaki kuitwa mwindaji, na yule mwenye gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma ameitwa jangili. Neno jangili lalingana na jangli la Kihindi, lenye maana ya "wa mwituni". Hivyo mtu aliyezaliwa bondeni ameitwa wa mwituni, na aliyekuja kwa ndege ameachiwa jina la zamani la heshima. Maneno msasi na usasi, yaliyokuwa yakibeba elimu yote ya kunyatia, yamebaki kwa wazee na kwenye kamusi.

VI. Chombo kipya

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kupima masafa kwa kioo si jambo geni: Archibald Barr na William Stroud walianza kutengeneza vipimo hivyo Uingereza mwaka 1888, kwa ajili ya majeshi. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California. Mwali wa leza hutumwa, hugonga kitu, hurudi, na saa ya kielektroniki huhesabu muda wake. Mnyama akiwa mita 300, mwali huenda na kurudi kwa sehemu 2 za milioni ya sekunde. Viwanda kama Burris cha Marekani na Swarovski cha Austria vimekiingiza kipimo hicho ndani ya darubini ya bunduki yenyewe. Mwindaji hubonyeza kitufe, tarakimu huonekana, na alama ya kulengea huonyeshwa mahali pake.

Faida yake yaelezwa kwa hesabu nyepesi. Risasi iendayo mita 800 kwa sekunde, hata isipopungua mwendo, hutumia zaidi ya theluthi ya sekunde kufika mita 300, na katika muda huo huanguka zaidi ya nusu ya mita chini ya mstari wa mtutu. Kwa mita 400 huanguka mita moja na robo, kasoro kidogo. Basi anayedhani mita 300 kumbe ni 400 atapiga chini, na aghalabu atamvunja mnyama mguu, aende kufa majanini kwa siku nyingi. Watetezi wa chombo husema kwamba chapunguza mateso, na kwa pigo lile lile hoja yao ni ya kweli.

Wapinzani hujibu kwamba chamshawishi mtu apige kutoka mahali asipostahili kupiga. Kwa miaka mingi sheria za jimbo la Idaho, Marekani, zilikataza kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki iliyofungwa kifaa cha kielektroniki. Tena chombo kina mipaka. Katika majani marefu ya Kilombero mwali hugonga bua lililo mbele na kurudisha masafa ya bua, si ya mnyama. Ukungu wa asubuhi huutawanya. Pale hekima ya kale ya kusogea yarudi kazini.

Sheria yetu hukataza kuwinda kwa sumu, kwa mitego, kwa taa usiku na kutoka garini, na huweka ukubwa wa risasi kwa kila aina ya mnyama. Makatazo haya yamezaliwa na wazo moja, kwamba mnyama apewe nafasi. Tukilishika wazo hilo kwa dhati, basi masafa nayo ni sehemu yake, na yafaa yaulizwe kwa mwenye darubini kama yalivyoulizwa kwa mwenye wavu.

VII. Jina

Yabaki swali la chombo hiki kuitwaje. Kwa kufuata mfano wa kipimajoto, twapendekeza kipimamasafa kwa chombo cha mkononi, na darubini ya kipimamasafa kwa kile kilichofungwa juu ya bunduki. Neno leza limekwisha kukaa, nalo liachwe. Hatupendekezi darubini janja, kwa mfano wa simu janja, ijapokuwa wauzaji watalipenda. Ujanja katika uwindaji ulikuwa mali ya msasi na ya mnyama aliyemkimbia. Kuupa mtambo ni kufuta historia ya wote wawili. Na neno shabaha lisihamishwe. Chombo chaweza kusema masafa, lakini shabaha, kwa maana ya zamani, ni pamoja na kujua wakati wa kutopiga, na hilo hakuna mwali unaolirudisha.

Kwa hiyo twawaomba wachunguzi wenzetu wanaofika Ifakara na Mahenge wasiishie kuandika majina ya wanyama. Waandike pia maneno ya kunyatia, ya upepo, ya umbali na ya kulenga, katika Kindamba, Kipogoro na Kiswahili cha bondeni, maadam wapo wazee wanaoyajua. Kamusi itakayoingiza kipimamasafa na kuliacha neno la mtu aliyeweza kufika hatua ishirini kutoka kwa sheshe bila kusikika, itakuwa imeandika nusu tu ya habari.