Ndege Iliyozama Ng'ambo ya Msimbati



Wapendwa wanaparokia, katika Mwezi huu wa Marehemu nawakumbusha ajali iliyotokea katika bahari yetu wenyewe. Ukisimama Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, ukatazama mashariki, visiwa vya Komoro viko mbele yako, umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996, mkesha wa Sherehe ya Kristo Mfalme, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175. Wanaume watatu wakaiteka, wakaamuru iende Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakusadiki, walikuwa wamesoma katika jarida la ndegeni kwamba ndege ya aina hiyo huruka saa nyingi! Kwa busara akaifuata pwani kuelekea kusini, asiiache nchi kavu. Walipogundua wakamlazimisha ageukie baharini, naye kimyakimya akashika njia ya Komoro.

Huko mafuta yakaisha, injini zote mbili zikazimika. Kwa sababu ya purukushani ndani ya chumba cha marubani akaupoteza uwanja wa ndege machoni, akaishusha baharini kaskazini mwa Ngazija, mita zipatazo 500 kutoka ufukweni. Bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ndege ikakatika vipande.

Linalonihuzunisha zaidi ni habari ya maboya. Abiria wengi waliyajaza hewa wangali ndani, ingawa onyo lilitolewa. Maji yalipoingia, boya likamwinua mtu hadi darini, asiweze kupiga mbizi kuufikia mlango.

Waliookoka ni 50, wakiwamo Leul na rubani msaidizi, Yonas Mekuria. Wenyeji, ambao karibu wote ni Waislamu, pamoja na watalii wa hoteli ya jirani, walikwenda kuwatoa majini. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, muone watu wa Malta walivyompokea Paulo.

Waliofariki ni 125. Mmoja wao ni Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliiamsha dunia. Katika hesabu hiyo wamo pia watekaji watatu. Nakiri kwamba kuwaombea wale 122 hakunipi taabu. Nikiwafikia hao watatu, ulimi husita. Misa ya Jumamosi asubuhi nitaitolea kwa wote 125.