Mahiwa, Abercorn, Kipkarren

Ukiuliza mjini Eldoret jinsi Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyotufikia, aghalabu utajibiwa kwa hadithi ya farasi. Utaambiwa kwamba Agosti 1914 makaburu wa Uasin Gishu, waliokuwa wamepanda huku 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, walijikusanya chini ya Kapteni Arnoldi, wakaelekea Nairobi kuitumikia serikali ya Mwingereza ambayo miaka kumi na kitu tu kabla walikuwa wakipigana nayo kwao Afrika Kusini. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo. Sisibo, yaani Eldoret, wakati huo ilikuwa posta, maduka machache na matope. Kuifanya hadithi hiyo kisa kizima cha vita katika nyanda hizi ni kuwasahau Wanandi wengi waliokuwa wakiishi magharibi mwa mji huo, ng'ambo ya mpaka wa hifadhi uliochorwa kwa rula.

Mapigano yenyewe msomaji anayajua. Tanga, Novemba 1914, jeshi la takriban watu 8,000 kutoka India lilitimuliwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao weusi. Longido ikashindikana siku zizo hizo. Salaita, Februari 1916, ikawapa Waafrika Kusini somo chungu; Septemba mwaka huo Dar es Salaam ikaanguka, na Wabelgiji wakaingia Tabora. Niseme moja tu kuhusu Tanga. Afisa wa ujasusi katika msafara ule alikuwa Richard Meinertzhagen, yuleyule aliyemuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Alikuja Nandi akiwa na Keya, jeshi la King's African Rifles. Miaka kumi baadaye, Keya hao hao wakarudi Nandi kutafuta vijana wa kuandikisha.

Kwangu mimi, mgeuko mkubwa wa vita hivi Afrika Mashariki haukuwa mji uliotekwa. Ulikuwa ni malaria. Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza huku, alipoondoka Januari 1917, wanajeshi wake wazungu na wa India walikuwa wamelazwa kwa maelfu, na ikabidi vita viendeshwe na Waafrika. Mwaka 1914 Keya walikuwa kama 2,400 hivi. Mwaka 1918 walipita 30,000. Nandi, jamii iliyovunjwa kwa mtutu wa bunduki 1905 na 1906, ilitoa askari wengi kupita kiasi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Ndio waliovuka Rufiji, na wenzao wa kila kabila wakiwa nyuma yao na mizigo kichwani.

Mahiwa, Oktoba 1917, inafaa kutazamwa kidogo. Kwa siku nne karibu na Lindi, Keya na Wanigeria walipigana na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, uso kwa uso, na upande wa Uingereza ukapoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa au kujeruhiwa. Wajerumani wakajitangazia ushindi, kisha mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma kukimbilia Msumbiji. Sina subira na vitabu vinavyomsifu Lettow kwa ujanja wake wa mwituni. Jeshi lake lilikula chakula cha wanavijiji kusini mwa Tanganyika na kuwaachia njaa. Alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Lakini kwa Uasin Gishu na Nandi, uamuzi mzito zaidi ulitolewa baada ya bunduki kuwekwa chini. Mapema 1919 aliletwa gavana mpya, Edward Northey, na huyu hakuwa karani: alikuwa jenerali aliyeongoza vikosi vya Nyasaland na Rhodesia dhidi ya Lettow huyo huyo. Alijua fika Keya walikuwa wamefanya nini. Chini yake ukaja mpango wa kuwagawia ardhi askari waliostaafu, mashamba zaidi ya elfu moja yakigawanywa, mengine kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi. Askari Mwafrika hakuruhusiwa hata kuchukua tiketi. Na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka hifadhi ya Wanandi: Kipkarren na Kaimosi, zaidi ya maili za mraba 100. Baba aliyempeleka mwanawe Mahiwa akaona malisho yake yakipewa mzungu kwa sababu naye alipigana vita.

Mwanahistoria Lewis Greenstein, katika makala ya 1978, alisema utumishi wa Keya haukuwabadilisha sana Wanandi. Walirejea kwenye mifugo na marika yao. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa imetokana na kuwasikiliza wakongwe wenyewe. Ila swali lake linahusu kilichokuwa kichwani mwa askari. Mimi nauliza kilichotokea kwenye malisho. Mtu anaweza kurudi vilevile alivyokwenda, akakuta kwake si kule alikokuacha. Ripoti ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotolewa 1934 na ambayo wengi wetu huifungua kutafuta habari za Kiambu tu, inayo mashauri ya Nandi pia, na Kipkarren na Kaimosi zimo.

Baada ya ardhi kikaja kipande cha utambulisho, ikaja kodi ya juu, ikaja karantini ya sotoka iliyozuia kuuza ng'ombe wa kulipia kodi hiyo. Wazee walikuwa wakiandaa saget ab eito, sherehe ya rika moja kukabidhi uongozi kwa jingine, Oktoba 1923. Serikali ikaogopa kwamba umati wa vijana, baadhi yao wenye mafunzo ya Keya, ungegeuka jeshi. Ikapiga sherehe marufuku, na tarehe 16 Oktoba ikamkamata Orkoiyot, yaani kiongozi wa Wanandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, pamoja na wazee wanne. Wakapelekwa Meru. Mwaka uliofuata reli ikafika Eldoret, ikaanza kubeba mahindi ya walowezi, na baadhi yao walikuwa wale wa mashamba ya askari. Manyei aliachiliwa huru 1964, mwaka mmoja baada ya Uhuru.