Mnara wa Mboga Bila Udongo: Umetoka Wapi, na Unamfaa Nani?

Ndugu mkulima, picha za minara ya mboga zinazunguka sana kwenye simu siku hizi. Bomba limesimama ndani ya chumba, letusi na spinachi zimechomoza pande zote, taa zinawaka na pampu inajiendesha yenyewe. Kabla hujatoa fedha yako, ifahamu historia ya kilimo hiki, maana jibu la kununua au kuacha limo humo.

Maji matupu hayalishi mmea

Mwaka 1648 yalichapishwa maandishi ya Jan Baptist van Helmont, mtu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Alipanda mche kwenye udongo wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifika kilo 77 hivi, na udongo ukapungua kwa gramu chache tu. Akaamini kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea: mmea hujijenga pia kwa hewa, na zile gramu chache za udongo zilikuwa na kazi yake.

Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alikuza mnanaa kwenye maji mbalimbali. Wa maji ya mvua ulidumaa, wa maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani ukastawi. Miaka ya 1860, Wajerumani Julius Sachs na Wilhelm Knop wakaonyesha ni chumvi gani za madini mmea unahitaji, wakaukuza kwenye maji bila udongo kabisa. Virutubisho vinavyouzwa leo vimetokana na kazi hiyo.

Sifa zilipozidi

Kuanzia mwaka 1929, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alitaka kukitoa kilimo hiki maabara kiwe biashara. Nyanya zake zilirefuka hadi mita 7 na zaidi. Magazeti yakashabikia, na watu wakaanza kuuziwa vifaa kwa ahadi kubwa. Mwaka 1938, Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hicho hicho walitoa matokeo yao: mavuno ya kwenye maji hayakuwa na ubora wa pekee kuliko ya udongo mzuri. Mwanga na hali ya hewa ndivyo viliweka ukomo.

Mahali kilipolipa

Kwenye kisiwa cha Wake, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ndege za Pan American zilitua kujaza mafuta. Udongo wa kulimia haukuwepo, na kuleta mboga kutoka mbali kulikuwa ghali. Huko mboga za majini zilikuwa na maana. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilifanya hivyo pia kwenye kisiwa cha Ascension, chenye miamba ya volkano.

Miaka ya 1960, Allen Cooper wa Uingereza alibuni njia ya kupitisha mkondo mwembamba wa maji kwenye mizizi, maji yakirudi kwenye tangi na kuzunguka tena. Mnara una wazo hilo hilo, ila umesimamishwa: pampu hupandisha maji juu, nayo hushuka yakilowesha mizizi. Taima huwasha na kuzima. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu mizizi haina udongo wa kuhifadhi maji. Umeme ukikatika mchana wa jua kali, mboga hunyauka upesi.

Piga hesabu yako

Taa za wati 100 zikiwaka saa 14 hutumia uniti 1.4 kwa siku, sawa na uniti 42 kwa siku 30. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa. Ongeza pampu, virutubisho na mbegu, kisha gawa kwa mafungu utakayouza kwa mwezi. Gharama ya fungu ikizidi bei ya sokoni, acha.

Mwenye shamba zuri anayeuza mchicha, samadi na maji ya uhakika vitamlipa zaidi. Mnara umfikirie mtu asiye na ardhi, au mwenye udongo wa chumvi, tena mwenye mteja wa uhakika wa letusi, kama hoteli. Hata huyo, auweke nje kwanza: jua halina bili.