Kapelini wa Newfoundland: Kutaga, Kukua na Kuvuliwa

Kapelini ni samaki mwembamba wa maji baridi, mwenye urefu wa sentimita 13 hadi 20, anayeishi kwa makundi makubwa katika Atlantiki ya Kaskazini na bahari za Aktiki, ambako hula uduvi na viumbe wengine wadogo wanaoelea majini, yaani planktoni. Katika pwani za Norway na Iceland hutaga mayai kwenye sakafu ya bahari, mbali na macho ya watu. Lakini katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada, wengi wao hupanda hadi ufukweni, na tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wakazi wa kisiwa hicho wawe na historia na samaki huyu isiyofanana na ya wengine.

Ujio huo hutokea Juni na Julai, maji ya ukingoni yanapofikia nyuzijoto 6 hadi 10 hivi. Madume, ambao ni wakubwa kuliko majike na ambao msimu huo huota matuta yenye manyoya ubavuni, hukusanyika kwanza karibu na nchi kavu, na majike huwafuata mayai yanapokomaa. Mara nyingi madume wawili humbana jike mmoja katikati, wakapanda pamoja na wimbi, na katika muda wa sekunde chache mayai na shahawa humwagwa juu ya changarawe. Mayai hayo, yenye kipenyo cha milimita moja hivi, hunata kwenye vijiwe na kufukiwa na mawimbi, kisha huanguliwa baada ya wiki mbili au zaidi kulingana na joto. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba vifaranga hawatoki ovyo, bali hujibana ndani ya changarawe hadi upepo kutoka baharini usukume maji ya juu yenye joto kuelekea pwani, ndipo wanapotoka kwa wingi. Wazazi wao, hasa madume, wengi hufa baada ya kutaga.

Wakazi walivuna ufukweni kwa vimia, ndoo na hata mikono mitupu. Udongo wa kisiwa ni haba na wenye mawe, hivyo sehemu kubwa ya mavuno ilifukiwa katika bustani za viazi kama mbolea. Nyingine ilikaushwa kuwa ng'onda, ililishwa mbwa, au ilitumiwa kama chambo cha kodi, samaki mkubwa wa nyama nyeupe aliyekuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Newfoundland. Kodi mwenyewe aliwafuata kapelini hadi karibu na pwani, kwa hiyo majuma hayo machache ndiyo yaliyoamua mwaka mzima wa mvuvi wa mashua ndogo. Uzito wa chambo ulionekana hata katika siasa: Sheria ya Chambo ya 1887 ililenga kuwanyima Wafaransa wa kisiwa cha jirani cha Saint-Pierre chambo cha Newfoundland, kwa kuwa ruzuku ya serikali yao iliwawezesha kuuza kodi kwa bei ya chini katika masoko ya Ulaya.

Maarifa ya kitaalamu yalikuja baadaye. Mwaka 1948 Wilfred Templeman alichapisha maelezo mapana ya maisha ya kapelini katika maji hayo. Umri wa samaki husomwa katika kijiwe cha sikio, ambacho huongeza mviringo kila mwaka, na kwa njia hiyo ilijulikana kwamba wengi walipevuka wakiwa na miaka mitatu au minne. Kwa kuwa wachache huishi kutaga tena, kundi zima hutegemea vizazi viwili au vitatu tu, na mwaka mmoja mbaya kwa vifaranga huonekana upesi.

Kuanzia miaka ya 1970 meli za kigeni, zikiwemo za Kisovieti, zilianza kuwavua kapelini katika maji ya mbali, na baadaye soko la Japani likataka majike wenye mayai. Hapo uhusiano wa kale uligeuka kabisa: mvunaji wa ufukweni alichukua samaki ambao wengi wao walikuwa wanataga au wamekaribia kufa, ilhali soko jipya lilimtaka jike kabla hajataga, na madume wengi wakatupwa. Hata hivyo haitakuwa haki kuutwika uvuvi huo lawama yote ya anguko la kapelini la mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwani bahari ilikuwa baridi kupita kawaida, na baridi huchelewesha planktoni na kutaga pia. Kapelini waliosalia walifika ufukweni wakiwa wamechelewa kwa kiasi cha hadi mwezi mmoja, wakiwa wadogo na wenye umri mdogo kuliko wale wa miaka iliyotangulia. Kodi, ambaye uvuvi wake wa kibiashara ulipigwa marufuku Julai 1992, alikawia kurudi kwa wingi, na watafiti kadhaa huhesabu uhaba wa kapelini miongoni mwa sababu.