Ajali Haina Kinga

Usiku wa tarehe 15 Desemba 1969, karibu saa sita, mtu mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne katika makao makuu ya polisi ya Milan, Italia. Aliitwa Giuseppe Pinelli. Alikuwa na miaka 41, mfanyakazi wa reli, baba wa mabinti wawili. Alikuwa pia anakisti, mmoja wa watu wanaoamini kwamba jamii inaweza kujiendesha bila dola. Siku tatu kabla, bomu lilikuwa limelipuka ndani ya benki moja pale Piazza Fontana na kuua watu 17. Polisi waliwakimbilia waanakisti. Pinelli alishikiliwa kupita saa 48 zilizoruhusiwa na sheria, na hakutoka hai.

Polisi walisema amejirusha.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1970, mchekeshaji aitwaye Dario Fo alipanda jukwaani na tamthilia kuhusu kifo hicho. Aliiita Kifo cha Ajali cha Anakisti. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa natafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili, na nilicheka peke yangu maktabani mpaka jirani yangu akageuka kunitazama. Halafu nikaona haya. Mtu alikufa, nami nacheka nini?

Swali hilo ndilo lililonifanya nimfuatilie Fo.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1926 katika kijiji cha Sangiano, karibu na Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya treni. Fo alipenda kueleza kwamba shule yake ya kwanza ya sanaa ilikuwa wavuvi na wapuliza vioo wa pale ziwani, watu waliojua kusimulia uongo mtamu kwa uso mkavu. Alisomea usanifu majengo Milan, akauacha, akaingia redioni na jukwaani. Mwaka 1954 alimwoa Franca Rame, binti wa ukoo wa waigizaji waliotembea mji hadi mji. Kazi nyingi zinazobeba jina la Fo zilipita pia mikononi mwa Franca.

Mwaka 1962 wawili hao walipewa kipindi kikubwa cha burudani kwenye televisheni ya taifa. Walipotaka kuchekesha kuhusu usalama wa wafanyakazi wa ujenzi, wakubwa wakashika mkasi. Fo na Franca wakaondoka. Hawakurudi kwenye televisheni hiyo hadi 1977. Badala yake walianza kuigiza viwandani na katika kumbi za wafanyakazi. Mwaka 1969 Fo alitoa Mistero Buffo, onyesho la mtu mmoja lililowafufua machale wa zama za kati, wale waliozunguka masokoni wakiwacheka mapapa na mabwana wa ardhi.

Huyo ndiye mtu aliyelitazama dirisha la Milan.

Katika tamthilia yake, mwendawazimu mmoja anakamatwa kwa kosa la kujifanya watu asio. Akiwa kituoni anajigeuza jaji aliyetumwa kuchunguza kifo cha anakisti, na anawataka polisi waigize upya usiku ule. Kila wakieleza, maelezo yanagongana. Askari mmoja anadai alimdaka marehemu mguu, akabakiwa na kiatu mkononi. Vizuri, lakini mashahidi wa chini walimwona na viatu viwili. Basi marehemu alikuwa na miguu mitatu? Na dirisha lilikuwa wazi kwa nini, usiku wa manane, katikati ya Desemba ya Milan?

Hapa ndipo nilipocheka. Lakini hadithi ya kiatu hakuitunga Fo. Ilitoka katika maelezo yaliyozungumzwa hadharani wakati ule. Kazi yake ilikuwa kuyapanga mpaka yakaumbuka yenyewe. Kwa tahadhari alitanguliza kisa cha anakisti mwingine wa Kiitaliano, Andrea Salsedo, aliyeanguka kutoka ghorofa ya 14 huko New York mwaka 1920, akijifanya kwamba ndicho anachokisimulia. Hakuna aliyedanganyika. Kesi zilipoleta habari mpya mahakamani, mistari ilibadilishwa jukwaani. Onyesho likiisha, watazamaji walibaki kujadiliana, na mjadala huo ukaitwa tendo la tatu.

Sisi husema ajali haina kinga, na mara nyingi methali hiyo hutufariji. Hutuambia tuache kuuliza. Fo aliliweka neno ajali kwenye jina la tamthilia ili watu waanze kuuliza.

Ningependa kuishia hapa, lakini kuna jina jingine.

Luigi Calabresi alikuwa afisa wa polisi aliyehusika na mahojiano ya Pinelli. Magazeti ya mrengo wa kushoto yalimwita muuaji, na kwenye tamthilia yumo afisa ambaye watazamaji walimtambua mara moja. Tarehe 17 Mei 1972 Calabresi alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Aliacha watoto wawili na mke mwenye mimba. Mwaka 1975 jaji aliyechunguza kifo cha Pinelli alihitimisha kwamba Calabresi hakuwamo chumbani wakati Pinelli alipoanguka, na kwamba Pinelli hakujiua wala hakuuawa, bali mwili ulimwishia nguvu ghafla akapoteza mhimili. Mwaka 2005 mahakama ya juu ilitaja kundi la wafashisti mamboleo kuwa ndilo lililohusika na bomu. Waanakisti hawakuwa na hatia.

Siwezi kusema tamthilia ilimuua Calabresi. Wapo waliohukumiwa kwa mauaji hayo. Lakini siwezi tena kuisoma bila kukumbuka kwamba kicheko kilichomtetea marehemu mmoja kilisikika pia katika nyumba ya mwingine. Naye Franca alilipa: Machi 1973 wafashisti walimteka Milan na kumbaka. Baadaye alilisimulia tukio hilo jukwaani, na hapo hakumchekesha mtu.

Mwaka 1997 Fo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Gazeti la Vatikani lilichukizwa. Kwenye hotuba yake aliwagawia wasikilizaji michoro yake badala ya maandishi, akazungumzia sheria ya karne ya 13 iliyoruhusu machale kupigwa. Alifariki tarehe 13 Oktoba 2016.

Mwezi Mei 2009 rais wa Italia aliwaalika ikulu wajane wawili, Licia Pinelli na Gemma Calabresi. Walipeana mikono kwa mara ya kwanza, miaka karibu 40 baada ya usiku ule.

Pale Piazza Fontana kuna vibao viwili vya kumkumbuka Pinelli, bega kwa bega. Kimoja, cha wanafunzi na wanaharakati, kinasema aliuawa bila hatia. Kingine, cha halmashauri ya jiji, kinasema alikufa bila hatia, kwa msiba. Kuuawa na kufa. Mpaka leo jiji halijakubaliana ni kitenzi kipi.